Mguu wa Bobi Usiolala

Mguu wa nyuma wa kushoto wa Bobi hautulii. Hupiga akiwa amesimama, hupiga akiwa anakula, na usiku nyumba nzima ikiwa imelala, ule mguu unaendelea kugonga sakafu ya baraza, ta, ta, ta, ilhali mwenyewe yuko usingizini. Mchana anacheza nao hivyohivyo. Anakimbiza mpira wa matambara, anayumba, anaanguka kifudifudi, anainuka na mpira mdomoni, kisha anatazama huku na huku kutafuta nani atamfukuza.

Watoto, leo nawaeleza habari ya mguu huo, maana umezua maneno mengi katika avenyu yetu. Wapo waliosema mbwa karogwa. Wapo waliosema ana wazimu, auawe kabla hajauma mtu. Na wapo wawili, msichana wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 8, walioshika neno moja tangu mwanzo: Bobi ni mgonjwa, na mgonjwa hutunzwa.

Nyumba yao iko Mudzipela, moja ya karitie za Bunia, mji mkuu wa Jimbo la Ituri. Ni ua wa kawaida tu. Kuna jiko la makala chini ya bati, mti wa avoka, mbuzi, kuku, na udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hunata miguuni mpaka mlangoni. Bobi aliletwa hapo kwa pikipiki, ndani ya kikapu, akiwa na umri wa miezi miwili hivi. Alikuwa mkorofi wa kupendeza. Aliiba ndara za Papa, akavuta kikwembe cha Mama kilichoanikwa, na asubuhi moja akatafuna kaye ya hesabu ya yule mvulana, ambaye hakusikitika sana.

Tumbo lake lilikuwa limevimba, na wageni wakawa wanasifu: “Huyu anakula vizuri!” Kumbe mbavu zilikuwa zinaonekana juu ya lile tumbo. Mbwa mdogo mwenye tumbo kubwa na mbavu za kuhesabika kwa kawaida hajashiba; ana minyoo. Tena mara nyingi huzaliwa nayo. Mabuu ya minyoo hulala ndani ya mwili wa mama mbwa, na akishika mimba huamka, hupita kwenda kwa watoto wangali tumboni, na mengine huingia kupitia maziwa. Ndiyo maana wataalamu hutaka mtoto wa mbwa apewe dawa ya minyoo mapema, akiwa na wiki mbili au tatu, kisha arudiwe kila baada ya wiki mbili mpaka afike miezi mitatu hivi. Kipimo hutokana na uzito wake, kwa hiyo lazima apimwe; tusikisie kwa macho.

Jambo hili linawahusu ninyi pia. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi cha mbwa, hukaa udongoni miezi mingi, na mtoto anayecheza gololi hapo kisha akala embe bila kunawa huyameza. Yakimwingia mtu, mabuu hutangatanga mwilini, na wakati mwingine hufika hata kwenye jicho. Kwa sababu hiyo yule msichana alijipa kazi ambayo hakuna aliyemtuma: kila asubuhi, kabla ya masomo, anachukua jembe na kuzika kinyesi cha Bobi mbali na mahali pa kuchezea. Kunawa mikono hakukuhitaji mafunzo. Nyumba nyingi za Bunia zilizoea ndoo ya maji na sabuni mlangoni tangu Ebola ya 2018 hadi 2020, na katika ua ule ndoo ile ipo mpaka leo.

Basi Bobi akapewa dawa, tumbo likapungua, na watu wakaamini mambo yamekwisha.

Yalikuwa ndiyo yanaanza. Siku moja aliamka macho yamejaa tongo. Pua ikatoa makamasi mazito, akakohoa, akageuza uso mbele ya sahani ya bugali na dagaa, kisha akaanza kuhara. Jambo lililowadanganya wote ni kwamba katikati ya ugonjwa huo aliendelea kutaka kucheza. Mvulana akitikisa mpira, Bobi alitikisa mkia, akakimbia hatua chache, akalala chini akihema. Mtoto wa mbwa yuko hivyo. Hamu ya kucheza inaweza kubaki hata mwili ukiwa umelemewa, na anayemtazama husema, “Mzima huyu, si anacheza?” Mimi nasema tutazame anacheza vipi. Anaacha mapema kuliko jana? Anahema kuliko jana? Anacheza lakini hanywi maji? Mbwa hawezi kueleza kinachomuuma, kwa hiyo anayeishi naye ndiye anayepaswa kuona mabadiliko madogo.

Mama alimpa maji yaliyochemshwa na kupoa, kidogokidogo. Msichana alimfuta macho kwa kitambaa safi chenye maji vuguvugu. Hawakumpa vidonge vya watu, na hapo nawasifu sana. Ibuprofen, kwa mfano, ambayo hupatikana katika nyumba nyingi, inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake.

Bobi akapona. Akala, akaruka, akarudi kwenye vikwembe vya Mama. Wiki kadhaa zikapita, nyumba ikasahau, na hapo ndipo mguu ukaanza kupiga.

Ugonjwa uliomshika una jina. Waganga wa mifugo wa Kongo, waliosomea kwa Kifaransa, huuita ugonjwa wa Carré, kwa kumbukumbu ya Henri Carré, Mfaransa aliyeonyesha mwaka 1905 kwamba unaletwa na kirusi, kijidudu kidogo mno kisichoonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Wanaosoma Kiingereza huuita distempa. Mbwa mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, kirusi hutoka na matone, na mbwa wa karibu huyavuta kwa pumzi. Kinaanzia kooni, kinaingia kwenye damu, na kinazishambulia kwanza chembe zilezile ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Walinzi wakiisha kupigwa, magonjwa mengine hupata njia: mapafu huoza, tumbo huchafuka. Mbwa wengi wachanga hufa hapo.

Anayepona hajawa salama bado. Katika baadhi yao kirusi kimekwisha kufika kwenye ubongo na uti wa mgongo. Neva, yaani nyuzi zinazopeleka amri kutoka ubongoni mpaka kwenye misuli, zina ganda laini linalozifunika, na kirusi hiki hulichubua ganda hilo. Mmewahi kuona waya wa umeme uliochubuka plastiki yake, unavyotoa cheche ovyo bila mtu kuwasha kitu? Neva ya Bobi iko hivyo. Inatuma amri ambayo ubongo haukuitoa, na msuli unatii. Ndiyo maana mguu unapiga hata akiwa amelala fofofo. Bobi hautikisi, unajitikisa.

Lakini siku za mwanzo hakuna aliyelijua hilo. Mama jirani alipouona mguu ule akaja mpaka kwenye ua, akasimama mbali kidogo.

“Mama, ile imbwa yenu iko na wazimu. Muifunge ama muiue. Itauma watoto.”

“Hapana, Mama,” msichana akajibu kabla mama yake hajafungua mdomo. “Iko mugonjwa. Iliugua, ikapona, sasa mguu tu.”

Msimcheke yule jirani, wala msimwone mbaya. Hofu yake ina sababu kubwa. Kichaa cha mbwa kipo, na kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara mtu huyo hufa. Kila mwaka kinaua maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wamekipata kwa kuumwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuyumba, kudondosha mate, kubadilika tabia, kushindwa kumeza, kuuma mawe na miti; mwingine hufanya kinyume, akatulia pembeni akiwa ameachia taya. Mtu asiyesomea hawezi kusema kwa uhakika, kwa kutazama tu, kama mbwa anayetetemeka ana Carré au ana kichaa. Hata mimi siwezi. Jirani alikosea kwenye hukumu, lakini alikuwa sahihi kuogopa.

Papa akafanya jambo la busara. Hakutafuta rungu, na wala hakupuuza. Alimfunga Bobi kamba kwenye kivuli cha mwavoka, akaweka maji karibu, akawakataza watoto kumgusa, kisha akamtuma motari kwenda kumwita veterineri.

Veterineri alikuja na mfuko wake wa ngozi. Wakasalimiana, akaketi kwenye kiti, na kwa muda mrefu hakumgusa mbwa. Aliuliza. Amewahi kuumwa na mbwa mwingine? Ameuma mtu? Anakunywa maji? Anaitambua sauti yenu? Mguu ulianza ghafla au baada ya ugonjwa? Unapiga hata akilala? Msichana alijibu yote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akitazama. Alikumbuka tongo, kikohozi, kuhara, na zile wiki za katikati ambapo Bobi alionekana mzima.

“Papa Veterineri, unapiga hata usiku,” mvulana akaongeza. “Mimi nasikia.”

Ndipo veterineri akavaa glovu, akamkaribia taratibu. Akaonyesha pua iliyokuwa imekauka na kuwa ngumu, na nyayo zilizoota gome gumu. Kirusi cha Carré hufanya hivyo. Meno nayo yalipokuja kuota yalitoka na vishimo vya rangi ya kahawia, kwa sababu kirusi kilikuwa kimeharibu enameli yakiwa bado ndani ya ufizi. Sasa mbwa akiwa na miguu migumu chini, meno yenye vishimo na msuli unaopiga usingizini, historia yake inasomeka.

Hata hivyo veterineri hakusema “mfungueni.” Alisema akae kwenye kamba, watu wazima wamtazame, watoto wakae mbali. Mbwa aliyekwisha kuonyesha dalili za kichaa hawezi kuishi muda mrefu. Kwa kawaida hufa ndani ya siku 10 hivi. Ndiyo maana mbwa aliyemuuma mtu, kama anaweza kufungwa salama, hutazamwa kwa siku hizo 10. Bobi alikaa chini ya mwavoka, akala, akanywa, akalia akitaka mpira. Siku zikapita, mguu ukiendelea kupiga, na yeye akaongezeka uzito.

Ngoja niseme hapa jambo ambalo nataka kila mtoto alikariri, awe na mbwa au asiwe naye. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata kama ni jeraha dogo, hata kama ni mbwa wenu, osha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi, mtaona mikono inachoka, endeleeni. Kisha mwambie mtu mzima, mwende kituo cha afya siku hiyohiyo. Msifiche kwa kuogopa kugombezwa. Chanjo inayotolewa baada ya kuumwa ipo tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchoma mvulana wa miaka 9 aliyeitwa Joseph Meister kule Paris, na yule mvulana akaishi. Ile ya siku hizi ni bora zaidi, lakini inasaidia tu ikiwahi kabla ya dalili.

Sasa turudi kwenye kirusi cha Bobi, kwa sababu kina ukoo ambao mnaujua. Ndugu yake wa kwanza ni surua. Ndiyo, surua ileile ambayo watoto wa Kongo huchanjwa wakiwa na miezi 9, na ambayo katika mlipuko ulioanza 2019 iliua zaidi ya watu 6,000 nchini mwetu, wengi wao watoto wadogo. Surua nayo huwapiga walinzi wa mwili, ndiyo maana mtoto aliyetoka kuugua surua huandamwa na nimonia na kuhara. Ndugu wa pili alikuwa sotoka, tauni ya ng'ombe. Wazee wa Ituri wanaofuga wanalijua jina hilo kwa uchungu. Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka ilifagia mifugo ya Afrika Mashariki na watu wakafa njaa. Nimesema “alikuwa” kwa sababu hayupo tena. Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi Muguga nchini Kenya, walitengeneza chanjo bora ya ng'ombe karibu na mwaka 1960, nchi moja baada ya nyingine ikachanja, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imetoweka duniani. Ugonjwa mzima umeisha! Huwa nafurahi kila nikilisema hilo.

Carré bado ipo, na haiishii kwa mbwa. Mwaka 1994, katika Serengeti kule Tanzania, simba walianza kuonekana wakiyumba, wakitetemeka, uso na miguu ikiruka bila wao kutaka. Walikufa wapatao 1,000, yaani theluthi ya simba wote wa hifadhi ile. Wachunguzi walikuta ni kirusi cha Carré, na mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wakaonekana kuwa ndiko kilikoanzia. Baadaye, mwaka 2008, utafiti ukaeleza kwa nini mwaka ule ulikuwa mbaya hivyo. Ukame mkali ulikuwa umewadhoofisha nyati, nyati wakajaa kupe, simba wakala nyati na kupata vimelea vya damu vinavyoletwa na kupe hao. Kirusi peke yake kiliwahi kupita miaka mingine bila maafa makubwa. Vilipokutana viwili, simba akashindwa. Nami nikimfikiria Bobi alivyofika katika ule ua, mdogo, hajachanjwa, minyoo imemjaa tumboni, naona ilivyokuwa rahisi Carré kumwangusha.

Kuna habari nyingine, na hii imetoka misitu yetu wenyewe. Mtakuwa mmesikia juu ya mbwa wa Wambuti katika msitu wa Ituri, wadogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, wasiobweka kama mbwa wengine. Wawindaji huwafunga njuga ya mti shingoni ili wajulikane walipo kichakani. Wageni walipowaona waliwapenda, na mwaka 1895 jozi moja ya mbwa wa aina hiyo ilipelekwa Uingereza na kuonyeshwa London katika maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts. Watu walijaa kuwatazama. Muda si mrefu wote wawili wakafa kwa ugonjwa wa Carré. Walikuwa wamezoea msitu na chui. Hawakuwa na kinga ya pumzi ya mbwa wa mjini. Leo mbwa wa aina hiyo wako dunia nzima, wanaitwa Basenji, na watoto wao huchanjwa.

Bobi hana ukoo wa kuandikwa vitabuni. Ni mbwa wa Mudzipela. Tangu kamba ilipofunguliwa, maisha yake nyumbani yana utaratibu ambao watoto waliujenga wenyewe kidogokidogo, na nadhani unafaa kusimuliwa.

Anacheza asubuhi na jioni, jua likiwa pole, na michezo huwa mifupi. Mguu unaopiga saa zote unachosha mwili. Mchezo ukirefuka mapigo huongezeka, na akichoka sana huanza kukojoa alipolala. Mvulana alijifunza kuficha mpira kabla Bobi hajachoka, kazi ngumu sana, kwa kuwa Bobi anajua mahali pote pa kufichia. Mpira unarushwa kwenye majani, wala si kwenye saruji, ili akianguka asichubuke. Mlango wa ua hufungwa. Mbwa mzima huweza kuwakwepa motari wanaopita kasi, Bobi hawezi.

Chakula chake ni bugali uliolainishwa kwa mchuzi wa dagaa wa Ziwa Albert, kwa sababu yale meno hayawezi kutafuna kigumu. Mama humwekea pembeni kabla ya kutia pilipili na vitunguu. Vitunguu, vibichi hata vilivyopikwa, huharibu damu ya mbwa, na kitunguu saumu vilevile. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapewi, maana huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma matumbo. Na sahani yake imeinuliwa juu ya tofali, kwani akiinama sana huanguka na pua ndani ya mchuzi. Watoto hucheka akifanya hivyo. Bobi haonyeshi kujali.

Jioni ni saa ya ukaguzi. Msichana anampapasa kuanzia masikio hadi katikati ya vidole, akitafuta kupe, ambao katika mji wenye ng'ombe na mbuzi wengi hawakosekani. Akimpata, anamshika kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kumvuta polepole, kisha anamtumbukiza kwenye maji ya sabuni. Hampondi kwa kucha.

Kisha anatafuta funza, yaani mabuu ya nzi. Hawa mnawajua, na pengine kuna kati yenu waliowahi kuwa nao mgongoni. Nzi wake hutaga kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Buu likigusa ngozi yenye joto huingia bila maumivu, hukua humo siku nane hadi kumi na mbili hivi, na huacha tundu dogo la kupumulia juu ya uvimbe. Msichana hupaka Vaseline nene juu ya tundu; buu likikosa hewa husogea juu, na hapo hukamuliwa taratibu kutoka pande zote mbili. Likipasuka ndani, jeraha huvimba, kwa hiyo haraka haifai. Gunia analolalia Bobi hufuliwa, huanikwa juani, kisha hupigwa pasi ya makala pande zote, pamoja na nguo za watoto. Wapo waliomshangaa Mama kupiga pasi gunia la mbwa. Mama hakusimama kujibu.

Mara moja Bobi alipata degedege. Alianguka ubavu, miguu yote ikapiga, povu likatoka mdomoni, macho yakawa wazi bila kuona. Mvulana alitaka kumshika ulimi, na dada yake akamvuta nyuma. Alifanya sawa. Mbwa aliye katika degedege hamezi ulimi wake, lakini anaweza kufunga meno juu ya mkono wako bila kujua. Waliondoa kiti na jiwe vilivyokuwa karibu na kichwa chake, wakanyamaza, wakatazama saa. Ikapita kabla ya dakika mbili. Ingefika tano, au ingerudi tena na tena, ilikuwa ni kumpigia veterineri simu mara moja, maana hapo ubongo hupata joto na kuumia. Alipoamka alikuwa hamjui mtu, akazunguka ukuta. Walimwacha. Baadaye akaja mwenyewe na kulaza kidevu juu ya mguu wa mvulana.

Je, atapona? Mvulana alimuuliza veterineri swali hilo wazi, akiwa amemshika shati.

“Hapana, mtoto wangu. Ule mguu utapiga muda wote ataishi. Labda utapungua. Hakuna dawa ya kurudisha kilichoharibika.”

“Unamuuma?”

Veterineri alifikiri kwanza. “Mbwa anayeumia hali, hachezi, hujificha. Huyu wako?”

“Anakula. Anacheza. Leo ameiba sapatu yako moja, Papa.”

Ilikuwa kweli.

Kwa Carré yenyewe Bobi hahitaji hofu tena, kwa kuwa mbwa aliyeushinda hubaki na kinga ya muda mrefu sana. Dhidi ya kichaa cha mbwa alichanjwa. Kazi iliyobaki ni ya watoto wengine wa mbwa wa avenyu ile, na hapa ndipo yule Mama jirani anaporudi katika habari hii. Amepata mbwa mdogo, wa kike, mweusi mwenye kifua cheupe, na wiki iliyopita aliita kutoka upande wa pili wa uzio: “Binti, veterineri anarudi lini?”

Msichana akamweleza vizuri kuliko mimi. Chanjo ya Carré huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka atimize wiki 16. Sindano moja haitoshi, kwa sababu maziwa ya kwanza ya mama yake yamempa kinga ya kuazima, na kinga hiyo huizima chanjo. Hakuna ajuaye ni wiki gani hasa itakwisha, kwa hiyo tunarudia ili tusipitwe. Ya kichaa huchomwa akifika miezi mitatu. Kabla ya kumaliza zote asizurure sokoni wala kunusa mbwa wasiojulikana. Na chanjo lazima iwe imekaa kwenye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8, tangu kiwandani mpaka kwenye sindano. Katika mji ambao umeme hukatika kama wetu, mwulizeni daktari bila aibu: imehifadhiwa wapi? Veterineri wetu huja na sanduku la barafu, na anapenda watu wajipange mapema ili asilifungue mara nyingi.

Jumamosi hii anakuja. Majirani kadhaa wamekubali kuleta mbwa wao, kila mmoja na kamba yake. Bobi atafungwa kwenye mwavoka kabla hawajafika, kwa sababu akiona mbwa mwenzake hucheza hadi aanguke, na yule mdogo wa jirani bado ni mwepesi kiasi cha kubebwa mdomoni.